Ushahidi Nilioutuma kwa Mkono Wangu

Vijana wangu wa ofisi ya ustawi wa jamii, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili, tukala pilau, halafu yule mwenzenu mrefu akasimama akasema, "Mama Rehema, usiondoke na kazi yote kichwani. Tuandikie." Nilidhani ni maneno ya kuagana tu, yale ambayo mtu huyasema akishashiba. Kumbe mlikuwa na nia. Wiki mbili hazijaisha mmeshanipigia simu mara tatu. Haya, naandika. Nasaha za kubandika ukutani sina, mnisamehe. Nina visa kadhaa na makosa yangu mwenyewe, na nina maswali ambayo nimestaafu nayo bila kuyapatia majibu. Kusema kweli hayo maswali ndiyo yanayonifanya niamke hapa nyumbani Newala nikitafuta kalamu kabla ya chai.

Nilianza kazi Masasi nikiwa mwembamba kama ufito, mkitaka aminini, msipotaka acheni. Nilishuka na sanduku la bati, nikapelekwa chumba cha mwisho kwenye korido, nikamkuta mwanamke wa makamo amekaa nyuma ya meza, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Huyo alikuwa Mama Fransiska, Mmakua wa Lupaso, na ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, na kabla sijakaa akanisukumia jalada moja.

"Unaona nini juu?"

"Namba."

"Jina la mtoto umeliona?"

"Hapana."

"Vizuri. Na wewe usije ukaliandika hapo."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Baadaye, maana mimi nisipouliza siwezi kulala, nilimwuliza kwa nini. Akanieleza kwamba zamani waliandika majina juu ya majalada kwa herufi kubwa, na siku moja jalada lilisahaulika mezani. Mzee mmoja aliyekuja kwa shida zake nyingine kabisa akalisoma akiwa anasubiri. Mama Fransiska alipotoka kwenda sokoni kununua ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, akakuta kina mama wauzaji wanamjadili mtoto yule kwa jina, na kwa jina la baba yake. Mtoto alihamishwa shule. Tangu siku hiyo ufunguo wa kabati la majalada aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akienda nao kanisani, akienda nao harusini. Nimewahi kumwona akicheza ngoma huku mkono mmoja umeshika pindo.

Vifaa vyetu vilikuwa baiskeli moja ya zamu, daftari la mistari na chaki. Chaki ndiyo niliyoipenda. Mtoto asiyetaka kusema, mpe chaki na sakafu ya saruji, wewe geukia dirishani kama huna habari naye. Atachora nyumba, atachora watu, na mtu anayemwogopa atamchora mbali au atamchora bila uso. Nimezunguka na chaki mfukoni Chiungutwa yote kwa baiskeli, narudi nguo imejaa unga mweupe, mume wangu ananiuliza kama nimehamia ualimu. Msiidharau chaki kwa sababu mna kompyuta mpakato.

Halafu simu zikaja. Kwanza zile za tochi, ambazo zilitusaidia sana, maana mtendaji wa kijiji aliweza kuniita bila kutuma mtu. Baadaye, korosho zikiuzwa vizuri mnadani, zikaanza kuonekana simu za kupangusa. Mwanzoni ilikuwa moja kwa kijiji, ikawa moja kwa kila nyumba, na kila mwenye nayo alitembea ameishika kifuani watu waione. Mimi nilikuwa wa kwanza kutamani. Nilitaka kujua hicho kitu kina nini ndani hata watu waache bao katikati ya mchezo.

Wakubwa wakatuita semina. Tukafundishwa usalama wa mtoto mtandaoni, tukapewa picha za kuonyesha kwenye ukuta kwa projekta. Nikaenda Nanganga nikiwa na jenereta, shuka jeupe na kiburi cha mtu aliyetoka semina. Picha ya kwanza ilikuwa mtoto wa kizungu amelala kitandani na kompyuta yake, uso una huzuni. Nikawauliza wazazi, "Mnaona nini hapa?" Mama mmoja nyuma akasema, "Tunaona mtoto kapanda kitandani na viatu." Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Ile picha sikuitumia tena.

Chiungutwa ndiko nilikopata akili kidogo. Niliingia darasa la sita nikauliza, "Nani hapa ana simu yake?" Hakuna mkono. "Nani ana akaunti ya mtandaoni?" Hakuna. Nikataka kufunga daftari, kazi imekwisha, watoto wote salama. Sijui nini kilinituma niulize lingine: "Nani amewahi kupigwa picha na mtu mwenye simu?" Mikono yote juu, mpaka ya wale wa nyuma waliokuwa wakisinzia. "Picha hizo ziko wapi sasa?" Wakatazamana. Mmoja akasema ya kwake iko Dar kwa mjomba. Mwingine akasema yake iko kwa dada aliyekwenda Tunduru. Mwingine akasema, "Sijui, mama." Semina ilinifundisha juu ya mtoto na simu yake. Huku kwetu watoto hawana simu, lakini wamo ndani ya simu za watu wengine, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanaonaje.

Nikaliandika hilo kwenye ripoti. Sikujibiwa. Nikaendelea kulisema kila kijiji, na nikawa nimejijengea jina, watu wakiniona na pikipiki ya ofisi wanaficha simu na kusema, "Mama faragha huyo." Nilijiona nimefika. Sasa nawaeleza kilichonishusha, na nawaomba msikirukie, maana hiki ndicho hasa nilichokalia kitako kuandika.

Kilitokea upande huu wa Newala, nilipokuwa nimeshahamishiwa huku. Shule sitaitaja, kijiji sitakitaja, na binti nitamwita binti tu. Mwalimu mkuu wake alituletea barua kwamba mwanafunzi wa darasa la saba, mwenye akili nzuri, ameacha kuja shule tangu mwezi wa pili na hakuna anayejua sababu. Mwaka ule ule ulikuwa wa mtihani wa kumaliza. Mtoto asipoufanya, kwa hali ya kwao, ndiyo basi, shule imekwisha. Atabaki kupalilia mikorosho ya mjomba mpaka aolewe.

Nikaenda nyumbani kwao. Nikapiga hodi, mama yake akanikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Nikatoa barua ya shule, nikasoma jina lililoandikwa, nikasema naomba kuonana na fulani.

Uso wa yule mama ulijifunga. Akasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Lakini shule inasema..."

"Nimekwambia hayupo. Karibu tena siku nyingine."

Nikaondoka, na kwenye daftari nikaandika, "Mtoto hayupo nyumbani." Nilikuwa nimeshafika barabara kubwa ndipo nilipokumbuka, nikasimamisha pikipiki nikajipiga kofi la paji. Jamani, mimi niliyezaliwa huku! Binti alikuwa ametolewa unyagoni likizo ya Desemba. Mtoto wa kwetu akishatolewa ngoma anapewa jina jipya, na lile la utoto limekufa. Kumwita kwalo ni kumtukana, yeye na mama yake na kungwi aliyemfundisha. Daftari la shule halijui mambo hayo, linabaki na jina la kuandikishiwa. Na mimi nimekwenda kulitamka uani kwao kwa sauti ya kiofisi, mbele ya majirani.

Kesho yake nilirudi, lakini nilipita kwanza kwa kungwi wao, Bibi Asumini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Nikamweleza kosa langu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe umechezwa unyago au hukuchezwa?"

"Nimechezwa, bibi."

"Basi waliokucheza walifanya kazi ya bure. Twende."

Kwa kuongozana naye mlango ulifunguka, na mama mtu akaeleza yote. Siku ya kuwatoa wali, yaani mabinti waliochezwa, mama mdogo wa binti alirekodi video kwa simu yake. Hakuwa na nia mbaya. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na mjomba wao yuko Dar, alichangia nguo na mchele na hakupata ruhusa kazini. Angeachaje kuona? Video ikatumwa kwenye kundi la ukoo. Humo mmoja akaiweka kwenye status ya simu yake watu wake waone, na kutoka hapo ikafika kwa kijana ambaye mpaka leo hatumjui, akaongeza maandishi ya kejeli chini yake, na kejeli yenyewe akaipamba kwa lile jina la utoto. Ikarudi kijijini ikiwa hivyo. Wavulana wachache shuleni wakaipata, wakaanza kumwita binti kwa jina lile, tena kwa kuimba. Kuhusu video yenyewe nitasema tu kwamba binti alikuwa amevaa vizuri, kanga mpya na shanga, mbele ya wazazi na wageni, na hakuna alichokosea.

Binti alikuwepo wakati tunaongea. Alikaa mlangoni ametugeuzia mgongo, anapepeta mbaazi kwa ungo. Sikumsemesha. Nilijiambia sitaki kumsumbua, nitaongea na wakubwa. Hilo nalo liandikeni kwenye orodha ya makosa yangu.

Nilirudi ofisini moto. Nikasema hii kesi ndiyo niliyoifanyia kampeni miaka yote, safari hii nitaonyesha kazi. Nikamwomba mama mdogo anitumie ile video yenye maandishi, iwe ushahidi. Akanitumia. Nikaiangalia. Nikafungua kundi la kamati yetu ya ulinzi wa watoto, wajumbe ishirini na tatu, watendaji, walimu, shehe, mchungaji na mwakilishi wa bodaboda, nikaibandika humo, na juu yake nikaandika kwa kidole changu hiki: "Wajumbe, angalieni ushahidi huu kabla ya kikao. NI SIRI. ISISAMBAZWE." Kisha nikaenda kula.

Siku tatu baadaye mwalimu mkuu akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta maneno.

"Mama Rehema, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Vipi, amerudi?"

"Hapana. Ile video imekuja upya shuleni, darasa zima wanayo. Na safari hii..."

"Safari hii nini?"

"Ina maandishi yako juu, mama. Ni siri, isisambazwe."

Nilikaa chini. Nasema nilikaa chini, na kiti kilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo nilikaa sakafuni. Baadaye tulifuatilia tukajua ilivyotoka: mjumbe mmoja, mtu mwema kabisa, simu yake huwa wanashika watoto wake jioni wakiangalia katuni. Wakaikuta. Wakaituma kwa wenzao. Wavulana watatu walikuwa wanamcheka binti, mimi nikamwongezea darasa zima, na kila mtoto aliyeifungua aliona kwanza onyo langu kwa herufi kubwa. Nani ataona neno siri aache kufungua? Mimi mwenyewe nisingeacha.

Mnaojua tabia yangu mnajua sijui kunyamaza na aibu. Nilitaka kwenda siku ile ile kuomba radhi. Lakini niliogopa, vijana, niliogopa kweli, nikapitisha siku mbili nikijifanya nina ripoti ya robo mwaka. Ya tatu nikaenda. Bibi Asumini alikuwa amenitangulia, habari zilikwishamfikia. Nikapiga magoti uani, nikawaambia mama mtu na kungwi kwamba video iliyorudi shuleni imepitia kwangu.

Mama mtu akaanza kulia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Bibi Asumini akawa anatafuna kitu ambacho nadhani hakikuwepo mdomoni. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa kwenye semina yoyote.

"Mama Rehema, hebu nieleweshe. Mambo ya ndani ya unyago ni siri, hilo najua, nimelilinda tangu wewe hujazaliwa. Lakini siku ya kuwatoa wali ni siku ya wazi. Tunapiga ngoma ili watu waje. Wameona kijiji kizima, wameona na wageni wa vijiji vya jirani, tukashangilia, ikawa heri. Sasa hao hao wakiona kwenye simu, kwa nini iwe balaa? Tofauti iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, faragha, ridhaa, maudhui, yote yakakwama. Tofauti iko wapi? Nilikuwa nimefundisha miaka na miaka bila kujiuliza hivyo. Nikasema, "Bibi, sijui kukueleza."

Ndipo binti, aliyekuwa mlangoni na ungo wake kama siku ile, akageuka. Sauti yake ilikuwa ndogo na haikutetemeka.

"Siku ile walioniona, na mimi niliwaona."

Tukamtazama wote. Akaendelea, macho kwenye ungo, "Nilimwona kila mtu. Nilijua nani yupo. Hawa wa kwenye simu siwajui. Nikipita njiani sijui nani ameniona na nani hajaniona. Kila mtu nadhani ni yeye."

Bibi Asumini akasema taratibu, "Ee. Sasa nimeelewa." Mimi nilijikuta naandika maneno yale kwenye kiganja, daftari lilikuwa kwenye pikipiki na sikutaka kusimama.

Nikamwuliza binti, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, anataka tufanye nini. Nilitarajia aseme wale wavulana wachapwe, au ahamishwe shule. Akafikiri. Akasema, "Nataka niwaone."

"Kina nani?"

"Wote uliowatumia."

Jamani, kumweleza mtendaji wa kata jambo hilo! Alisema haiwezekani, watu wazima waitwe na mtoto kama mahabusu, shehe na mchungaji watasemaje. Nikamwambia mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na kama hataki basi nitaandika barua kwa wakubwa nieleze jinsi ushahidi ulivyovuja kutoka kwenye kamati yetu, kuanzia kwangu. Akakohoa, akasema tukutane Ijumaa saa tatu.

Tulikutana ofisi ya kijiji. Tulifika kumi na tisa, mimi nikiwemo. Wanne walituma udhuru, na majina yao binti aliyaomba akayaweka kichwani. Alikaa kwenye kiti, mama yake kushoto, Bibi Asumini kulia akiwa na kapu la ukindu miguuni, analolijua yeye la nini. Shehe alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa. Mchungaji alikuja na Biblia, sijui alidhani ni msiba.

Nikasogea wa kwanza na simu yangu. Nikaifuta video pale kwenye kundi, nikamwonyesha. Akaangalia, akasema, "Bado iko kwenye picha, mama." Akanionyesha mahali. Nikaifuta. "Na huku kwenye vilivyofutwa." Nikaifuta na huko. Mnaona, mimi mtaalamu wa wilaya. Na nyie mjue, kufuta mara moja si kufuta. Nakala ya polisi, wamtafute aliyeandika kejeli, tulikwishaiweka kwenye kadi moja ya kumbukumbu, ndani ya bahasha yenye saini ya mama yake, nikaipeleka kwa mkono. Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo, na Mama Fransiska, Mungu amrehemu, angeniwasha kofi.

Nikadhani nimemaliza. Nikataka kupisha mwingine. Binti akaniinulia macho.

"Uliiangalia?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mara ngapi?"

Kulikuwa na watu kumi na wanane nyuma yangu. Ningeweza kusema mara moja, ya kikazi. Nikasema, "Mara mbili. Ya pili haikuwa ya kazi. Nilitaka tu kuona."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayeweka alama ya vema. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Kila mmoja alifuta, kila mmoja aliulizwa yale yale. Wapo waliosema hawakuifungua, na alikaa akiwaangalia mpaka baadhi wakabadili jibu. Yule mjumbe ambaye watoto wake waliitoa alilia mbele za watu, mwanaume mzima. Binti akamwambia, "Pole, baba," na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Shehe alipofika mbele alisema, "Niliiangalia, nikacheka. Nisamehe." Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Walipokwisha, Bibi Asumini akasimama na lile kapu lake, akatangaza kwamba kuanzia ngoma ijayo kila mwenye simu, awe mjomba awe mkubwa wa serikali, ataiweka humo kabla ya kuingia uwanjani, na atachukua akitoka. Wajomba walio mbali watasimuliwa kwa mdomo, kama zamani. Mtendaji akauliza, na wanaotaka kumbukumbu? Bibi akamwambia, "Wakumbuke." Utaratibu huo upo mpaka leo, nimeukuta na vijiji vya jirani, na sasa kapu moja halitoshi.

Binti alirudi shule Jumatatu. Sitawaambia kwamba kejeli ziliisha siku ile, haziishi hivyo. Mwalimu mkuu alikaa na darasa lile wiki nzima, akawaita na wazazi, na wale wavulana wakaja mmoja mmoja na mama zao nyumbani kwa binti. Aliyeandika maneno ya kejeli hakupatikana, polisi walijitahidi wakafika mahali njia ikapotea. Linaniuma hilo bado. Lakini mwezi wa tisa binti alikaa kwenye dawati lake akafanya mtihani, na akafaulu. Yuko kidato cha tatu sasa, anapenda hesabu, ananisahihisha Kiswahili changu.

Najua ananisahihisha kwa sababu kurasa hizi mnazosoma sikuzileta kwenu moja kwa moja. Nilizipiga chapa, nikazitia kwenye bahasha, nikampelekea kwa mkono likizo hii, nikamwambia akisema hapana nazichoma jikoni kwangu. Alikaa nazo siku nne. Siku ya tano akazirudisha mwenyewe. Mengi ameyaacha yalivyo, hata yale yanayomhusu mama yake, maana walisoma pamoja. Lakini kulikuwa na aya moja inayoeleza video ile hatua kwa hatua, nini kilitokea uwanjani na uso wake ulikuwaje. Niliiandika kwa siku tatu, kwa heshima yote niliyonayo, na nawaapia ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote humu. Aliipiga mstari kutoka kona hadi kona, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mdogo: "Hii si yako, mama."

Nimeitoa.